Shangazi, nimemaliza mionzi, kila mtu anafurahi, mbona mimi nalia?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa miaka 41, fundi cherehani hapa Morogoro, nina watoto wawili. Mwaka juzi niligundulika na kansa ya titi la kushoto, nikakatwa na tezi za kwapani wakatoa, nikapiga kemo, zile dripu za dawa ya kansa, mizunguko 6 halafu mionzi wiki 5 pale hospitali ya kansa ya Ocean Road, Dar, nilikuwa nakaa kwa wifi yangu Tandika. Nimemaliza miezi minne iliyopita, sasa niko na vidonge vya tamoksifeni, vile vya kuzuia homoni isilishe kansa, nimeambiwa nimeze miaka 5. Nyumbani walinipokea kwa vigelegele mpaka mbuzi alichinjwa. Kila mtu ananiambia umepona mshukuru Mungu, na mimi namshukuru kweli, lakini usiku nalia. Kichwa kikigonga kidogo nasema imerudi. Joto linanipanda, nasahau mpaka vipimo vya wateja. Mume wangu ni mtu mzuri ila tangu operesheni sijavua nguo mbele yake taa ikiwa inawaka, nalala na sidiria nimejaza soksi upande mmoja. Mama mkwe amenitengea kikombe na sahani. Mwezi ujao kuna kicheni pati ya mtoto wa dada, sare nashona mimi lakini sitaki kwenda. Shangazi, nimekosa shukrani? Lini nitarudi kuwa yule wa zamani? — Fundi, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma jana asubuhi nikairudia jioni, na hapo uliposema "namshukuru kweli lakini usiku nalia" ndo pamenikaa moyoni, kwa hiyo naanzia hapo. Hujakosa shukrani. Mtu anaweza kumshukuru Mungu asubuhi kwa moyo wote na usiku akalilia titi lake, wala hajamkufuru Mungu wala hajamkosea mtu.

Hebu rudi nyuma kidogo uangalie hiyo miaka uliyopita nayo, ulipata saa ngapi nafasi ya kulia? Majibu yametoka, kesho yake unatafuta pa kufikia Dar, nauli, nani anabaki na watoto, damu ikishuka mzunguko unasogezwa mbele, nywele zinabaki kwenye mto, wateja wanapiga simu nguo zao ziko wapi. Mtu anayekimbizwa na mbwa hasikii mwiba, atausikia akishafika nyumbani akakaa kibarazani, ndo anauona mguu wote damu. Wewe sasa ndo umekaa kibarazani. Na watu wakikuona unashika mguu wanashangaa, mbwa si ameshaondoka?

Naongea kitu ninachokijua, mimi nilimuuguza mdogo wangu wa kuzaliwa, nimekaa kwenye yale mabenchi pale Ocean Road, bahari iko mbele, upepo unapiga, kinamama na vilemba vyao na chupa za uji, kila mmoja anajua leo ni mionzi ya ngapi kwa mwenzie. Jumatatu mpaka Ijumaa. Siku mdogo wangu alipomaliza nilidhani atarukaruka, kumbe kwenye gari hakusema neno mpaka tukafika Ubungo, ndo akasema "sasa nani ataniangalia?" Nilikuwa sijamwelewa. Nilikuja kumwelewa baadae sana, kwamba wiki zote zile kila siku kuna nesi anamuuliza umelalaje, kuna mashine inapigana kwa niaba yake, kuna wenzie wasiohitaji kuelezwa kitu, halafu ghafla unapewa tarehe ya kliniki baada ya miezi mitatu na unarudi kwenye nyumba ambayo kila mtu anataka yaishe.

Na kuna lingine hujaliandika lakini nahisi lipo. Una namba za wale kinamama wa kwenye benchi na hujawapigia. Mdogo wangu nae alikuwa hapigi, nikamuuliza kwa nini, akasema naogopa isipokelewe na yeye, ipokelewe na mtoto wake. Mwanangu hiyo hofu ni ya kweli na siwezi kukuambia haitatokea. Lakini piga hata kwa mmoja tu yule mliyezoeana, mana saa nane ya usiku joto linapokupanda hakuna mtu Morogoro nzima atakayekuelewa kama yeye, na inawezekana nae anaiangalia namba yako hivyo hivyo.

Sasa nikuulize. Ukifiwa mjini kwetu watu wanafanya nini? Wanakuja, wanakaa kwenye mkeka, maturubai yanafungwa, sufuria la jirani linaletwa, hakuna anayemwambia mfiwa siku ya pili "haya basi furahi". Mjane wa Kiislamu anakaa eda miezi minne na siku kumi na hakuna anayemharakisha. Wewe umeondokewa na titi ulilonyonyeshea watoto wako wawili, umeondokewa na nywele, na hedhi pengine, na ile amani ya kuumwa kichwa ukameza panado ukalala, na hakuna aliyekuja kukaa msiba wako. Walikuchinjia mbuzi! Nawaelewa, walikuwa wanafurahi uko hai, hata mimi ningechinja. Ila msiba haujakaliwa, ndo mana unaukalia peke yako usiku.

Kwa hiyo naomba ufanye hivi, chagua siku, ita dada yako na shoga yako mmoja ambaye hana maneno mengi, waambie kabisa kabla hawajaja, "leo sitaki kuambiwa nimepona, nataka mnisikilize tu". Pikeni uji, tandikeni mkeka, uongee kuanzia siku ile ya majibu mpaka leo, ulie uwezavyo. Na ikibidi mrudie, mrudie.

Kuhusu hofu ya kurudi, hata mimi ningekuwa wewe ningeogopa, na siwezi kukuambia usiogope. Ninachotaka ni uipe utaratibu isikutawale siku nzima. Wewe una madaftari ya vipimo, chukua moja liwe la mwili wako, ukisikia maumivu mapya andika tarehe na mahali. Yakiisha siku mbili tatu futa uendelee na cherehani. Yakifika wiki mbili hayajaisha nenda hospitali usingoje tarehe ya kliniki, na vivyo hivyo ukiona uvimbe kwenye kovu, kwapani au titi la pili, kikohozi kisichoisha, kifua kubana, mifupa kuuma mpaka usiku, kupungua uzito bila sababu, au kichwa kinachozidi kila siku na kutapika. Wiki ya kliniki yenyewe jua tu kwamba utalala vibaya, karibu wote wanalala vibaya wiki hiyo, usisafiri peke yako.

Kusahau nako usijidhanie umeanza uchizi. Kemo inafanya hivyo kwa watu wengi, pamoja na uchovu na kukosa usingizi, na kwa wengi inapungua taratibu. Bandika kikaratasi cha vipimo kwenye kitambaa chenyewe kwa pini, usikibandue mpaka nguo imechukuliwa na mwenyewe. Na punguza oda. Uchovu wa baada ya kansa sio ule wa kulala ukaamka umeisha, unaweza kukaa miezi mingi, wengine hata zaidi ya mwaka, na cha ajabu kinachosaidia sio kulala sana bali kutembea, anza dakika kumi asubuhi jua halijawa kali, uongeze taratibu.

Mkono wa kushoto ule nauogopea zaidi kwa kazi yako. Tezi zikishatolewa kwapani maji ya mwili yanaweza kushindwa kupita vizuri mkono ukavimba, na kidonda kidogo kinaweza kuleta shida kubwa. Vaa subana ukishona kwa mkono, pasi ya mkaa shika kwa mkono wa kulia, ndoo za maji waachie watoto kwa sasa. Ukijichoma na sindano osha, paka dawa ya vidonda. Mkono ukiwa mwekundu na wa moto, au ukianza kuwa mzito pete haiingii, hospitali siku hiyo hiyo, sio kesho.

Hizo soksi sasa. Wewe ni fundi, unamshonea kila mtu, jishonee na wewe. Kata kitambaa cha pamba laini, shona kifuko cha umbo la titi lako la kulia, jaza ulezi au mtama, pima mpaka mizani ilingane na upande wa pili mana upande mmoja ukiwa mwepesi bega na mgongo vinachoka, kisha shona mfuko kwa ndani ya sidiria kikae humo kisicheze. Shona viwili ubadilishe, nafaka badilisha zisije zikaoza kwa jasho. Ila hakikisha ngozi iliyopigwa mionzi imeshatulia kwanza. Na usiku vua mwanangu, ngozi nayo ipumue.

Ndo tumefika kwa mume wako. Umesema ni mtu mzuri, na mimi nakuamini. Sasa huyo mtu mzuri nadhani amekaa gizani hajui kama umemkataa yeye au umejikataa mwenyewe, na anaogopa kukuuliza asije akakuumiza. Usianzie kitandani. Anzia mchana, siku watoto wako shule, mwambie "nataka uone walivyonishona". Mwonyeshe tu. Mdogo wangu alimpa mumewe mafuta akamwambia nipake hapa mgongoni ambapo sifiki, halafu taratibu mkono ukafika mbele kwenye kovu, na yule mwanaume akalia, ndo mara ya kwanza wakalia wote wawili. Mengine yalikuja baadae, hayakuja siku hiyo, na hakuna aliyeyadai.

Mengine hayo yakija, nikwambie wazi mana wengi wanaona aibu kuuliza kliniki. Kemo na hivyo vidonge vinaweza kukausha ukeni ukasikia maumivu, famasi kuna vilainishi vya maji vinasaidia, ila krimu za homoni usitumie bila daktari wako wa kansa kukubali. Na hata kama hedhi imesimama mimba inaweza kuingia, na tamoksifeni ina madhara kwa mtoto tumboni, kwa hiyo mjikinge, ila sio kwa sindano wala vijiti wala vidonge vya majira maana hivyo ni homoni, kondomu au kitanzi cha shaba ndo vya kuongea na daktari. Joto likipanda lala na khanga nyepesi na maji pembeni, kama linakushinda sema kliniki, vidonge usiviache mwenyewe kimya kimya.

Kikombe cha mama mkwe kimeniuma. Kansa haiambukizi kwa kikombe wala sahani wala kulala kitanda kimoja, na mionzi uliyopigwa na ile mashine kutoka nje haibaki mwilini, ukishuka pale mezani unaweza kumkumbatia mtoto dakika hiyo hiyo. Lakini wewe mkwe usimwambie, mwanae ndo amwambie, tena kwa upole mana huyo mama nae pengine anaogopa tu hajui. Bora zaidi kliniki ijayo mume aje nae, amsikie nesi kwa masikio yake.

Na kuna jambo moja sitaki ulipite haraka. Kulia usiku nimekuambia ni msiba. Ila ikifika zaidi ya wiki mbili kila siku huna hamu ya kitu, chakula hakipiti, watoto wanaongea huwasikii, au wazo likakujia kwamba bora usingeamka, hapo usisubiri mkeka wala shangazi. Mwambie mume wako siku hiyo hiyo, nendeni hospitali ya mkoa muulizie huduma ya afya ya akili. Sonona baada ya kansa ni ugonjwa unaotibika kama magonjwa mengine, wala sio imani ndogo. Ukipewa dawa mwambie daktari unameza tamoksifeni, kwa sababu baadhi ya dawa za sonona kama fluoksetini na paroksetini zinaipunguza nguvu, zipo nyingine.

Umeniuliza lini utarudi kuwa yule wa zamani. Sitakudanganya mwanangu, sidhani kama atarudi. Mdogo wangu alikuwa hakosi shughuli, mtu wa mwisho kuondoka, vyombo anaosha yeye. Sasa anachagua, akichoka anaaga saa tatu anaondoka na wala haombi samahani, mwanzoni tulinuna, siku hizi tumemzoea na yeye ananiambia anajipenda hivyo. Anamkumbuka yule mwingine, kuna siku anamlilia. Ilimchukua karibu miaka miwili kufika hapo, kwa hiyo wewe miezi yako minne usiipigie mahesabu.

Kicheni pati usiamue leo. Ukiamka siku hiyo unataka, nenda, kaa karibu na mlango, mwambie dada yako mapema kwamba unaweza kuondoka wakati wowote na asikuite mbele kutoa ushuhuda. Ukiamka hutaki, tuma zawadi, bibi harusi atakuelewa. Lakini sare yako shona hata kama huendi, tena usiikate kwa kipimo chako kile cha zamani kilichoko kwenye daftari, chukua futi, simama mbele ya kioo mchana, jipime upya kifua chote kama kilivyo, uandike na tarehe.