Hesabu mifugo yako Septemba, usihesabu Machi

Machi ya Dodoma inadanganya. Mvua imenyesha, makorongo yana maji, nyasi nyuma ya nyumba zimefika magotini, na ukitazama uwanja wako unaona nafasi tu. Machi moja, hapa Ihumwa, nilikuwa na kuku chotara 60, nikaongeza mbuzi 5, bata 6 na sungura 2. Hao sungura hata sikuwataka. Nilipewa, nikaona haya kukataa.

Septemba ikanipa majibu. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Baada ya hapo ni jua na vumbi. Majani yamekauka, maji ya bomba yanatoka kwa zamu, pumba imepanda bei. Kuku mkubwa hunywa kama robo lita kwa siku, na joto likizidi naye anazidi. Mbuzi hunywa lita 3 hadi 5. Kwangu zilikuwa ndoo mbili kubwa kila siku kabla sijafua wala kupika. Bata sijawahesabu, maana wao hawanywi, wanaoga. Unawawekea maji safi, ukigeuka yameshakuwa tope.

Kuku 60 peke yao ni kazi moja. Ukiwachanganya na mbuzi, bata na sungura umepata kazi nne, kila moja na chakula chake, dawa yake na saa yake. Na kazi zikishakuwa nne, inayosahaulika ni ile isiyopiga kelele. Mbuzi mwenye njaa atalia mpaka mtaa mzima ujue. Tarehe ya chanjo hailii. Chanjo ya kideri, ugonjwa unaoua kuku kwa wingi, ile ya tone la jicho, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Ya Agosti niliiruka, nikasema wiki ijayo. Asubuhi moja nikakuta jogoo kajikunyata pembeni, shingo imepinda, chini kinyesi cha kijani. Wiki ile nilizika kuku 41.

Mzee jirani alikuja kunipa pole, akasimama kwenye uzio akitazama banda. "Mama Neema, hivi wewe unafuga au unakusanya?" Sikumjibu. Kwanza nilichukia, kisha nikaenda kuhesabu ndoo.

Bata na sungura niliwagawa. Mbuzi watatu nikawauza mnadani Msalato, nikabaki na majike mawili. Nilipoanza upya na kuku nilichukua wa kienyeji, na hapa ndipo nilipopumua kweli. Kilichokuwa kinaninyonya zamani ni vifaranga wa rika tofauti: hawa wana siku tatu, wale wiki mbili, wengine mwezi, na kila kundi lina chanjo yake. Siku hizi kuku wa kwanza akianza kuatamia namwachia yai moja la kumshikilia, mengine nayaweka ndani mahali pa baridi. Wenzake wawili watatu nao wakianza kuatamia ndani ya wiki hiyo, nawawekea wote mayai jioni moja. Baada ya siku 21 wanaangua pamoja, na vifaranga wote wana tarehe moja.

Chanjo yenyewe tunanunua kwa kuchangiana, nyumba nne. Kichupa kimoja kina dozi nyingi kuliko kuku wangu, na kikishafunguliwa hakiwekwi akiba. Faida niliyoipata bila kuitafuta ni kwamba nikisahau mimi, Mama Juma atagonga geti. Tarehe nimeziandika kwa mkaa kwenye mlango wa banda, kwa sababu kwenye simu nilikuwa naziona na kuzipita.

Juzi kaka yangu kapiga simu kutoka Kongwa, ana bata mzinga wawili wa kunipa bure. Nikachungulia nje: Februari, kijani kila mahali, nafasi tele. Nimemwambia anipigie tena Septemba.