Jibu: Baiskeli ya mazoezi ya bei nafuu kwa nyumba ya ghorofa

Salama ndugu. Nimekuelewa: una shilingi 15,000, uko ghorofa ya tatu huko Umoja, Nairobi, na unataka baiskeli ya mazoezi ambayo haitakugombanisha na jirani wa chini.

Kwa pesa hiyo tafuta mtumba, na uanze na breki, yaani kile kinachofanya pedali ziwe nzito, kabla ya kutazama rangi au skrini. Nyingi za bei ya chini hukaza kwa kipande cha feliti kinachobana gurudumu la chuma. Kipande hicho huisha, na kikikauka hupiga kelele. Yangu ililia kama geti la ploti saa kumi na moja asubuhi, mpaka fundi viatu akanikatia kingine. Ukipata ya sumaku, chukua hiyo. Sumaku haigusi gurudumu, kwa hiyo haipigi kelele wala haiishi.

Halafu shika mkono wa pedali uutikise kushoto na kulia. Ukicheza, huenda beringi zimekwisha; shusha bei au uondoke. Kisha panda, uweke kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unafaa kunyooka. Usiponyooka na kiti kimefika mwisho, hiyo si yako.

Soma pia stika ya uzito wa mtu ambao baiskeli inaweza kubeba. Mimi nina kilo 96, nikajaribu moja ya kubeba mwisho kilo 100. Nikisimama kwenye pedali inayumba yote.

Muuzaji akikataa uiendeshe dakika kumi, achana naye. Na nyumbani tandika mkeka wa mpira chini yake, kwa sababu mtetemo hupita kwenye sakafu hata kama baiskeli yenyewe ni kimya.