Sataranji: Mfalme Anayeshiriki Vita, Maswali na Majibu

Swali: Kete zimepungua na pande zote zina idadi ileile. Nitajuaje kwamba mfalme wangu atoke nyuma ya askari wake?

Tazama kwanza kama malkia wameondoka ubaoni, kwani wakiwapo bado, mfalme aliye hadharani huandamwa bila kupumzika. Wakiisha kuondoka, usingoje. Mfalme aliye kwenye kona anafikia miraba 3 tu, ilhali aliye katikati anafikia 8.

Swali: Kila upande una mfalme na askari mmoja, mweupe e4 na mweusi e5 (herufi ni safu ya wima, a hadi h kutoka kushoto kwa Mweupe, na namba ni safu ya mlalo kuanzia upande wake), nao wamezuiana. Je, si sare?

Mara nyingi ni sare, lakini si lazima. Tuseme mfalme mweupe yuko g6, mweusi yuko c4, na zamu ni ya Mweupe. Wengi hukimbilia f5, wakiona kwamba kutoka hapo wanamlinda askari wao na kumtishia wa mpinzani kwa wakati mmoja. Mweusi hujibu d4, na Mweupe, ambaye hana cha kusogeza ila mfalme, analazimika kumwacha askari wake aliwe, kisha anashindwa. Hatua sahihi ni f6, ambayo pia inamtishia askari wa e5. Mweusi akija d4 kumlinda, ndipo Mweupe anaingia f5, na sasa zamu inamwangukia Mweusi, naye ndiye anayelazimika kuondoka. Akirudi c5 badala ya kuja d4, Mweupe anamla askari na baadaye anamtangulia askari wake hadi e6. Ukiniuliza, hakuna zoezi fupi linalofundisha thamani ya zamu kuliko hili. Liweke ubaoni na ulicheze kwa pande zote mbili.

Swali: Penye kete za ngome ubaoni, inafaa kutoa askari bure ili mfalme asonge mbele?

Inafaa, mradi mfalme anafika mahali pa kutishia. José Raúl Capablanca, bingwa wa dunia wa wakati huo, alimwonyesha mchezaji mwenzake Savielly Tartakower jambo hilo mjini New York mwaka 1924, kila mmoja akiwa na ngome na askari 5. Ngome yake ikiwa h7, Capablanca alimpeleka mfalme g3, h4, g5 na hatimaye f6, akiacha askari wake wa c3 na f4 waliwe njiani. Hakumla papo hapo askari mweusi wa f5, kwa sababu huyo ndiye aliyemkinga mfalme wake dhidi ya ngome ya mpinzani. Alikuwa nyuma kwa askari 2, lakini mfalme, ngome na askari wa g6 walimbana mfalme mweusi kiasi kwamba askari weusi walianza kuliwa mmoja baada ya mwingine, na Capablanca akashinda.

Swali: Ni lini mfalme asiende mbali?

Mpinzani anapokuwa na askari asiye na kizuizi mbele yake. Chora akilini mraba ambao upande wake ni njia ya askari huyo hadi ukingo wa ubao. Mfalme wako akiwa nje yake na zamu ni ya mpinzani, hatamfikia. Askari akiwa bado mahali pake pa kuanzia, hesabu kana kwamba amekwisha kusogea hatua moja.