Pinot Noir ya Hermanus: ushauri kwa wewe uliyezoea waini nzito

Waini nyekundu nyepesi siyo waini iliyochakachuliwa. Nalisema hili mapema kwa sababu kila nikimmiminia Mbongo mwenzangu Pinot Noir, waini nyekundu ya zabibu yenye jina hilo hilo, iwe Dar au huku Cape Town ninakoishi, swali ni lile lile, mbona kama imetiwa maji? Ni kweli ukiinyanyua glasi kwenye mwanga unaviona vidole vyako upande wa pili, na sisi tumezoea rangi ya damu ya mzee, au ile tamu ya Dodoma inayoshushwa na barafu. Ila rangi siyo kipimo cha ubora jamani. Juisi ya zabibu karibu zote haina rangi, rangi inatoka kwenye ganda, na ganda la Pinot ni jembamba, basi.

Ninayoizungumzia hapa ni ile ya Hemel-en-Aarde, bonde lililo nyuma ya mji wa Hermanus, kama kilomita 120 kutoka Cape Town, kwenye ghuba ya Walker Bay. Nikiambiwa nichague waini nyekundu moja tu ya Afrika Kusini nachagua hii, sifikirii mara mbili.

Watu wakisikia Afrika wanawaza jua, na Pinot na jua kali haviivani kabisa. Ikipata joto kupita kiasi inaiva mbio mbio, sukari inapanda, ule uchachu unaanguka, harufu inapotea, unabaki na kitu kama jamu. Dodoma wanavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na kuna aina zinazostahimili hali ile, lakini Pinot usiipeleke huko. Hermanus kinachookoa ni bahari: mkondo wa Benguela upande wa Atlantiki ni maji ya baridi, upepo unapita juu yake mchana unaingia bondeni, mawingu yanakwama kwenye milima, yaani mwezi wa pili wakati wa mavuno, kiangazi chao hicho, jua likizama tu unatafuta sweta. Zabibu inaiva taratibu na ndo maana ukiinywa inakuwa na uhai mdomoni.

Ukipata bahati ya kufika wakati wa mavuno omba wakuoneshe kichala kwa karibu. Ni kidogo, kinajaa kiganja tu, na punje zimebanana kiasi kwamba njiti ya kiberiti haipiti katikati. Hapo ndipo shida ya mkulima ilipo, mvua ikinyesha au unyevu ukikaa ndani humo kichala kinaoza kuanzia katikati wewe nje unaona kizuri tu. Kwa hiyo ule upepo unaotusumbua sisi wageni kazi yake nyingine ni kuvikausha vichala. Ukijumlisha na kwamba bonde lenyewe ni dogo utaelewa kwa nini bei siyo ya kitoto.

Na hata kupandwa pale ilikuwa vita. Tim Hamilton Russell alinunua shamba mwaka 1975 wakati huo kupanda mizabibu ya waini kunahitaji kota, yaani kibali cha kiasi cha kuzalisha, ya KWV, ushirika uliokuwa ukidhibiti sekta ya waini nchini, na eneo lile halikuwa na kota. Akakomaa, waini ya kwanza ni ya mavuno ya 1981. Mtengenezaji wake wa waini wa mwanzo, Peter Finlayson, baadaye akawa mmoja wa waanzilishi wa shamba la Bouchard Finlayson hapo hapo jirani, na mfumo wa kota wenyewe ukaja kufutwa 1992. Mimi namheshimu sana mzee Hamilton Russell, kwa sababu wengi wakati ule walikuwa wanatafuta wingi wa lita, yeye anatafuta ubaridi.

Sasa dukani. Angalia lebo imeandika inatoka wapi, usiishie kwenye neno Pinot Noir. Ikiandikwa Western Cape tu maana yake zabibu zinaweza kuwa zimetoka popote jimboni, siyo mbaya lakini siyo ninayokwambia. Tafuta Hemel-en-Aarde Valley, ndiyo ya chini karibu na bahari, udongo wa mfinyanzi, waini yake imekaza kidogo. Upper Hemel-en-Aarde Valley ipo katikati, udongo wa mawe ya itale yaliyosagika, laini zaidi na inanukia, mimi naanzisha watu na hii. Halafu Hemel-en-Aarde Ridge, juu kabisa kwenye baridi zaidi, wanavuna wakiwa wamechelewa, ina ule ukali mzuri wa cheri ambayo haijaiva sana. Na tafadhali usichanganye na Pinotage! Pinotage ni zabibu nyingine, mtoto wa Pinot Noir na zabibu iitwayo Cinsaut, alizalishwa na Profesa Perold huko Stellenbosch mwaka 1925, ana tabia zake kabisa.

Ukitaka kwenda mwenyewe nenda mwezi wa nane au wa tisa, nyangumi wanaonekana ukiwa umesimama tu kwenye miamba pale Hermanus mjini, halafu unashika barabara ya R320 inayopita bondeni, mashamba yamepangana huku na huku. Yasizidi matatu kwa siku, zaidi ya hapo ulimi umechoka huonji kitu tena. Mezani kuna chombo cha kutemea, kitumie bila aibu, na gari aendeshe asiyekunywa.

Nyumbani ishu kubwa ni joto. Wanaposema waini nyekundu inywewe kwa joto la chumbani hawamaanishi chumba cha Kinondoni mwezi wa kwanza. Iweke friji mpaka ifike digrii 14 au 15 hivi, mimina kidogo kidogo kwenye glasi pana, barafu usiweke kabisa. Ikiwa ya moto pombe inakupanda puani na yale manukato ya cheri na udongo uliopigwa na mvua huyapati.

Chakula sasa, hapa ndo raha. Jodari wa kuchoma anaenda nayo vizuri mno, samaki na waini nyekundu ndiyo, kwa sababu haina ule ukakasi mwingi unaogombana na samaki. Bata wa kuoka, uyoga, pilau isiyo na pilipili, kuku wa kienyeji wa kukaanga. Pilipili mbuzi weka mbali, inaua kila kitu. Ikibaki funga, rudisha friji, kesho yake bado inanyweka vizuri na keshokutwa itie kwenye rosti ya nyama.