Maswali ya Wasomaji: Nikiukosa Mkesha, Mungu Ananikata Alama?

Barua za safari hii zimetoka Mbagala, Tabata, Kimara na Tegeta. Tumezifupisha na kuondoa majina. Karibu zote zinauliza kitu kimoja: mtu aliyempokea Kristo bure anafikaje mahali pa kuishi kama anadaiwa?

*Bwana Yesu asifiwe. Nauza nguo Kariakoo, naishi Mbagala. Kanisani kwetu tunaamka saa tisa usiku kuomba, Ijumaa tuna mkesha, na Januari tunafunga siku 21. Mwaka huu vidonda vya tumbo vilinishinda nikakatisha katikati. Tangu hapo biashara ikiyumba naona ni kwa sababu nilivunja mfungo. Nianze upya? – Dada wa Mbagala*

Amina, dada. Usianze upya. Kwanza kula, kanywe dawa, halafu tuzungumze.

Torati yote, pamoja na ukali wake, iliagiza siku moja tu ya kufunga kwa mwaka: Siku ya Upatanisho, tarehe 10 ya mwezi wa saba (Walawi 16:29; 23:27). Farisayo wa mfano wa Yesu katika Luka 18 alifunga mara mbili kwa juma, yaani siku 104 kwa mwaka, na alikuwa anazijua zote. Aliyeshuka nyumbani amehesabiwa haki, yaani amekubaliwa na Mungu, ni mtoza ushuru, ambaye hakuwa na hata siku moja ya kutaja. Alisema tu, “Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi.” Yesu hakumlaumu Farisayo kwa kufunga. Tatizo ni kwamba alikuja hekaluni na daftari la mahudhurio.

Kanisa la kwanza nalo lilifunga. Kule Antiokia walikuwa wakifunga na kumfanyia Bwana ibada, Roho akasema nao, wakawawekea mikono Barnaba na Sauli na kuwatuma (Matendo 13:2–3). Luka, mwandishi wa kitabu hicho, hatuambii walifunga siku ngapi. Idadi ya siku 21 watu wameitoa kwa Danieli (10:2–3), ambaye kwa majuma matatu aliacha chakula kitamu, nyama na divai. Hakuandika kwamba alikaa bila kula kabisa, wala hakuwaambia wengine kwamba asiyemaliza atafilisika.

Kilichokupata ndicho kilichowapata Wagalatia. Waliamini, wakapokea Roho, kisha wakaja waalimu wa kuongezea: tohara, siku, miezi, nyakati. Paulo akawauliza, “Baada ya kuanza katika Roho, mnataka sasa kukamilishwa katika mwili?” (3:3). Unaweza kujipima hivi: siku ile ulipokatisha, ulimwendea nani? Kama ulimwambia Bwana kwamba mwili umeshindwa, ukanywa uji ukalala, mfungo wako ulikuwa maombi mpaka mwisho. Kama ulianza kupiga hesabu ya adhabu, basi ulikuwa umegeuka malipo muda mrefu kabla ya tumbo kuuma. Na kuhusu biashara, Januari wateja wako wanalipa ada na kununua sare na madaftari. Biashara nyingi hupoa, hata kwa waliomaliza siku zote 21.

Sasa mwili. Tumbo tupu lenye vidonda linaachiwa asidi, ndiyo maana kwa wengi maumivu huzidi njaa ikikolea. Mwenye vidonda asifunge siku nzima bila ushauri wa daktari, na mfungo mkavu, wa bila maji, auache kabisa, hasa kwa joto la Dar la Januari na Februari. Ukitaka kujinyima, acha kitu kingine: nyama, soda, simu baada ya saa mbili usiku. Mzima wa afya anaweza kuruka mlo mmoja, anywe maji siku nzima, na jioni afungue kwa uji au chakula laini, asianze na chapati na chai kali. Mgonjwa wa sukari anayetumia insulini, mjamzito na anayenyonyesha wasiingie kwenye mifungo hii kwa kuona aibu tu kwamba wengine wamefunga.

Na hili tunalisema bila kupepesa macho: dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI na dawa za kifua kikuu haziachwi hata siku moja kwa ajili ya mfungo. Ukiruka dozi, vijidudu hujifunza kuishi na dawa, na matibabu yanayofuata huwa magumu zaidi. Kiongozi yeyote akikwambia vidonge ni dalili ya imani haba, mwambie wahudumu wa kliniki yako siku hiyo hiyo, na tafuta pa kusali pengine.

Saa tisa usiku nayo tuipigie hesabu. Ukilala saa tano usiku, umelala kwa muda wa saa nne tu, na alfajiri unatakiwa uwe umefika dukani. Zaburi 127 inasema Bwana humpa mpenzi wake usingizi. Nayo ni Maandiko. Jaribu dakika 15 kabla ya kutoka: soma zaburi moja kwa sauti ndogo, kaa kimya kidogo, sali Baba Yetu polepole ukisimama kila sentensi, kisha mtaje mtu mmoja anayehitaji msaada. Yesu aliifundisha sala hiyo mara tu baada ya kuonya kwamba tusipayuke-payuke kama wanaodhani watasikiwa kwa wingi wa maneno (Mathayo 6:7). Kwenye mkesha nenda unapoweza, kwa furaha, siyo kwa hofu ya kuonekana haupo.

*Shikamooni. Mchungaji wetu amefundisha kuwa malimbuko ni mshahara wote wa kwanza wa mwaka. Nalipwa 450,000. Nimefikiria nitoe wote, halafu kodi na chakula nikope kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa. Mke wangu bado sijamwambia. – Baba wa watoto wawili, Tabata*

Marahaba. Usikope. Na leo jioni mwambie mama watoto.

Fungua Kumbukumbu la Torati 26. Mkulima wa Israeli alichukua *baadhi* ya malimbuko ya nchi, yaani mazao ya kwanza, akayatia kapuni, akamkabidhi kuhani, kisha akasimulia: baba zetu waliteswa Misri, Bwana akatutoa, akatupa nchi hii, na sasa nimeleta mazao yake. Angalia mfuatano wake. Wokovu umeshatokea, nchi imeshapewa, mavuno yameshaiva, ndipo kapu linakuja. Halafu aya ya 11 inamwagiza afurahi pamoja na nyumba yake, Mlawi na mgeni. Nyumba yako itafurahia nini ikiwa Februari mwenye nyumba anagonga mlango?

Zaka, yaani sehemu ya kumi, nayo iko tofauti na inavyotajwa mara nyingi. Katika Kumbukumbu 14:22–29 mtu aliila zaka yake mbele za Bwana pamoja na jamaa yake. Akiwa anakaa mbali aliruhusiwa kuiuza na kwenda na fedha. Na kila mwaka wa tatu ilibaki mjini kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Mkulima alitoa katika alichovuna. Hakuna mahali alipoagizwa akakope mahindi kwa jirani ili apate cha kutoa.

Sheria yenyewe ilimshushia maskini kiwango. Asiyemudu mwana-kondoo alileta ndege wawili, na asiyemudu ndege alileta sehemu ya kumi ya efa ya unga, kama lita mbili hivi (Walawi 5:7, 11). Mariamu na Yusufu walipompeleka Yesu hekaluni, sadaka inayotajwa ni hiyo ya ndege wawili (Luka 2:24). Mtu asikutishe kwamba kidogo chako kinamdhalilisha Mungu.

Tufanye mfano. Ukikopa 300,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, riba peke yake ni 90,000. Ukikwama miezi mitatu ukiwa unalipa riba tu, 270,000 imekwenda na deni liko pale pale. Kanisa halitapata kitu katika hiyo, na watoto hawatapata.

Kaeni wawili na karatasi. Andikeni kodi, chakula, nauli, shule, matibabu, na kile mnachowatumia wazazi. Kisha amueni fungu la kutoa kabla ya matumizi madogo madogo kulila. Mkitaka kushika kumi, ni 45,000. Mwezi huu ikishindikana, toeni 20,000 au 10,000 bila kujificha, kwa maana sadaka hukubaliwa “kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo” (2 Wakorintho 8:12). Sura inayofuata inakataza kutoa kwa huzuni au kwa lazima. Na maneno ya hapo kuhusu kupanda haba na kuvuna haba, yanayosomwa sana bahasha zinapopita, Paulo aliyaandika akichangisha kwa ajili ya watakatifu maskini wa Yerusalemu. Alichoahidi ni riziki ya kutosha ili wazidi katika kila tendo jema (9:8). Gari hakulitaja.

Soma pia Marko 7:9–13. Watu walitangaza mali yao kuwa Korbani, wakfu kwa Mungu, na hivyo wakaacha kuwasaidia baba na mama. Yesu alisema walikuwa wanalitangua neno la Mungu. Kutoa chakula cha watoto kwa siri hakuko mbali na hapo.

*Mafuta ya upako ya 10,000 na yale ya 30,000 yana tofauti gani? – Msomaji wa Kimara*

Tofauti ni 20,000. Katika Yakobo 5:14 mgonjwa anawaita wazee wa kanisa, wao ndio wanaokuja, wanaomba na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana, na kinachotajwa kumwokoa mgonjwa ni kuomba kwa imani. Bei haimo. Simoni wa Samaria alipotaka kununua kipawa cha Mungu kwa fedha, Petro alimwambia fedha yake ipotelee mbali pamoja naye (Matendo 8:20). Mwite mchungaji, padri au mzee wa kanisa aje nyumbani, na hospitali nenda.

*Mimi Mlutheri, mume wangu Mkatoliki. Tukibishana ananiambia, “Ninyi wokovu wenu ni wa kukaa tu, Yakobo amesema imani bila matendo imekufa.” Nimjibuje bila kuvunja nyumba? – Mama wa Kimara*

Mwambie kwanza kwamba Yakobo ana haki, halafu mwonyeshe umri wa Abrahamu.

Paulo katika Warumi 4 anashika Mwanzo 15:6: Abrahamu alimwamini Bwana, akahesabiwa haki. Hapo Ishmaeli alikuwa bado hajazaliwa. Alizaliwa Abrahamu akiwa na miaka 86. Tohara ilikuja akiwa na miaka 99. Kwa hiyo kuhesabiwa haki kulitangulia tohara kwa miaka 13 au zaidi, na Paulo anautumia ushahidi wa pengo hilo katika utetezi wake. Yakobo naye anashika Mwanzo 22, Isaka juu ya madhabahu, miaka mingi baadaye. Paulo anajibu mtu anayeuliza, “Nilete nini ili nikubaliwe?” Yakobo anamjibu anayesema ameamini huku ndugu hana nguo wala riziki, naye anawaambia tu, “Enendeni zenu kwa amani” (2:15–16). Waefeso 2 inazibeba hoja zote mbili katika aya tatu: tumeokolewa kwa neema, si kwa matendo (8–9), tukaumbwa tutende matendo mema (10). Ukigeuza mpangilio wa aya hizo, unarudi kwenye daftari la Farisayo.

Mumeo atashangaa kusikia kwamba Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, Januari 1547, katika kanuni yake ya kwanza kuhusu jambo hili, ulimlaani anayesema mtu anaweza kuhesabiwa haki kwa matendo yake mwenyewe bila neema. Na wewe ujue kwamba tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Kilutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja: tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, si kwa stahili yetu, naye Roho hutufanya upya na kutuita kwenye matendo mema. Tofauti zimebaki, lakini zile mnazobishania mezani nyingi si hizo. Someni Waefeso 2 pamoja kabla ya kulala, kila mmoja kwa Biblia yake.

*Sijaenda kanisani zaidi ya mwaka. Nadaiwa ahadi ya jengo 200,000 na michango ya jumuiya. Nataka nipate hela kwanza, nilipe, ndipo nirudi. – Kijana wa Tegeta*

Mdogo wetu, rudi Jumapili hii, bila bahasha.

Unachopanga ndicho alichopanga mwana mpotevu: alitunga hotuba njiani, aombe afanywe kama mmoja wa watumishi. Baba alimkatiza kabla hajafika kwenye kipengele hicho (Luka 15:19–22). Ahadi yako ni jambo la kweli, usiidharau, ila ni jambo la usharika na mfuko, na hapo lina utaratibu wake. Katikati ya juma nenda kwa mzee wa kanisa wa mtaa wako, mweleze kipato chako, omba ahadi ipunguzwe au igawanywe, labda 10,000 kwa mwezi, na uombe iandikwe upya. Ya jumuiya zungumza na mwenyekiti, mara nyingi huwa mepesi kuliko unavyofikiri. Meza ya Bwana usiisubirishe mpaka deni liishe. Kama desturi ya kanisa lako ni kuungama au kuonana na mchungaji kwanza, omba miadi naye, na mazungumzo hayo yahusu moyo wako, siyo risiti.

Kama aibu kubwa ni kukutana na mweka hazina mlangoni, nenda ibada ya kwanza. Watu wanakuwa wachache, na wengi bado wana usingizi.