Barua kwa mwanangu: kuhusu chupa ya mafuta na picha ya mtumishi

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama ni kosa kubeba mafuta ya upako kila uendako na kubandika picha ya mtumishi mlangoni, maana usipokuwa navyo unajiona huna ulinzi. Hofu hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko mafuta yenyewe. Yakobo 5:14 inawaagiza wazee wa kanisa wampake mgonjwa mafuta, lakini mstari wa 15 unasema kinachomwokoa ni kule kuomba kwa imani, na anayemwinua ni Bwana.

Mara nyingi ibada hupotoka kupitia kitu ambacho Mungu mwenyewe alikitoa. Nyoka wa shaba katika Hesabu 21 aliagizwa na Mungu, na walioumwa na nyoka wakamtazama walipona kweli. Vizazi vingi baadaye watu walikuwa wakimfukizia uvumba, ndipo mfalme Hezekia akamvunja vipande vipande (2 Wafalme 18:4).

Najua utatajiwa leso za Paulo, zilizotoka mwilini mwake zikapelekwa kwa wagonjwa wakapona, Matendo 19:12. Anzia mstari wa 11: aliyetenda ni Mungu, na Luka, mwandishi wa kitabu hicho, anaiita miujiza ya kupita kawaida. Hakuna mahali Paulo alipowaagiza watu wachukue leso, sembuse kuziuza. Timotheo alipokuwa akiuguaugua, Paulo hakumpelekea leso. Alimshauri atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake (1 Timotheo 5:23). Na Trofimo, mwenzake wa safari, Paulo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20). Anayekusomea leso tu na kuruka haya mengine hakutendei haki.

Kwa hiyo kila fundisho likikugusa, andika mstari uliotajwa, kisha usome sura nzima ukiwa umetulia nyumbani. Halafu tafuta walau sehemu nyingine mbili zinazogusa jambo hilohilo. Waberoya, watu wa mji wa Beroya, walimpima Paulo mwenyewe kwa kuyachunguza Maandiko, na Luka akawasifu (Matendo 17:11). Unabii nao hupimwa na wengine (1 Wakorintho 14:29). Ukiambiwa utoe fedha leo hii la sivyo baraka itapita, usitoe siku hiyo. 2 Wakorintho 9:7 inakataza kutoa kwa lazima. Na sadaka inayowanyima wazazi riziki yao, Yesu aliikemea waziwazi katika Marko 7:9-13.

Ila usije ukaingia kosa la upande wa pili, ukaanza kumdharau kila mchungaji na kucheka kila unabii. Paulo anataka wanaojitaabisha kwa ajili yenu waheshimiwe sana kwa upendo, na katika sura hiyohiyo anasema msitweze unabii, jaribuni mambo yote (1 Wathesalonike 5:12-21). Mheshimu mtumishi wako, muombee, msalimie vizuri.

Picha itoe mlangoni. Mafuta yaache kabatini kwa wiki mbili, utoke bila chupa, uombe kwa jina la Yesu tu. Hofu ikikupanda njiani, usirudi kuichukua. Soma Zaburi 121 kwa sauti, na ikizidi nipigie tuombe pamoja, hata kama ni usiku.

Mzazi wako akupendaye.