Mstari una majirani: maswali yenu ya Biblia

Barua zimenirundikia tangu Kwaresima, na mwezi huu nimechagua sita. Salamu nimezifupisha, maana wengine mnasalimia mpaka karatasi inakaribia kwisha, na majina nimeyaacha. Ninanukuu Biblia ya Muungano, ile ya mwaka 1952 ambayo wengi wenu mmeirithi kwa wazazi ikiwa imefunikwa kwa karatasi ya kalenda.

Bwana Yesu asifiwe, Mwinjilisti. Kila asubuhi nafumba macho, nafunua Biblia, na kidole kinapoangukia ndipo neno langu la siku. Mume wangu ananicheka, eti nacheza bahati nasibu. Nakosea? (Dodoma)

Mumeo amekuonea, ila si sana. Wapo waliokutana na Mungu hivyo hivyo. Augustino, aliyekuja kuwa askofu wa Hippo kule Afrika Kaskazini, alifunua Waraka kwa Warumi bustanini Milano mwaka 386, akasoma pale macho yalipoangukia, na maisha yake yakageuka. Lakini hakuifanya kuwa desturi ya kila asubuhi. Alifunua siku moja, kisha akakaa na kitabu hicho miaka yote iliyobaki.

Tatizo la kidole ni kwamba kinatua kwenye namba. Paulo hakuandika namba. Aliandika barua, ikasomwa yote mbele ya watu kwa mkupuo mmoja. Namba za mistari tunazotumia katika Agano Jipya alizitia mchapaji Mfaransa, Robert Estienne, mwaka 1551. Ni kama namba za nyumba: zinakufikisha mlangoni, hazikuambii nani anaishi humo wala jirani zake ni kina nani. Basi funua, ila kidole kikishatua rudi mwanzo wa sura usome mpaka mwisho. Kesho usifumbe macho, endelea ulipoishia.

Shikamoo mwalimu. Niko Muscat, Oman, kazi za ndani, mwaka wa kwanza wa mkataba wa miaka miwili, na mama mwenye nyumba ananiita kwa kengele. Dada yangu huko Tanga kila alfajiri ananitumia Yeremia 29:11, "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Mwanzoni ulinipa nguvu. Siku hizi nauona, naweka simu chini, naenda kupiga deki. Imani yangu imepungua?

Marahaba, mwanangu. Imani haijapungua. Umechoka kusomewa sentensi moja ya barua ndefu, na hata mimi ningechoka. Naungama kwamba niliwahi kuuandika mstari huo kwenye kadi ya mtu aliyeachishwa kazi, nikadhani nimemaliza huduma.

Barua yenyewe Yeremia aliiandika Yerusalemu kwenda kwa Wayahudi walio kama wewe, waliolala usiku katika nchi ambayo lugha yake inawachosha. Walipelekwa mateka Babeli mwaka 597 kabla ya Kristo. Sura iliyotangulia kuna nabii anaitwa Hanania, naye alisimama hekaluni akatangaza kwamba miaka miwili tu na kila kitu kitarudi. Watu gani wasingempenda? Hata Yeremia alimwitikia "Amina," akitamani iwe kweli, ndipo akasema si kweli. Mstari wa 10, ule unaogusana ukuta na wa 11, unasema miaka sabini. Maana yake wengi waliosikia ile ahadi ya amani walizikwa huko huko Babeli. (Mkataba wako ni miaka miwili na utarudi, sikutishii miaka sabini.)

Sasa sogea mstari wa 5: "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake." Na wa 7 unawaagiza wautakie amani mji waliochukuliwa mateka na kuuombea, kwa kuwa katika amani ya mji huo nao watapata amani. Walifanya hivyo kweli. Vipo vibao vya udongo vya Babeli vinavyotaja kijiji kilichoitwa Al-Yahudu, mji wa Yuda, na watu wenye majina ya Kiyahudi wakilima shayiri, wakikopeshana, wakilipa kodi. Watoto wa wale waliosomewa barua.

Hapo ndipo penye faraja yako, na papo hapo pana kazi ngumu. Mungu hakungojei uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Yuko hapo kwenye deki. Na anakuomba uwaombee watu wa nyumba hiyo kwa majina, pamoja na yule mama anayekuita kwa kengele. Lakini kuutakia mji amani si kunyamazia unyanyasaji. Danieli alikuwa Babeli hiyo hiyo na alijua kusema "hapana" kwa adabu, akapendekeza njia nyingine wajaribu siku kumi. Wakikushikia pasipoti au mshahara, au wakikuinulia mkono, zungumza na ubalozi wako. Hiyo nayo ni kutafuta amani.

Siku ambayo huwezi kuomba chochote, ipo Zaburi 137, ya watu walioketi kando ya mito ya Babeli wakalia na kutundika vinubi mitini. Haikufutwa kwenye Biblia kwa sababu haina furaha. Na mwambie dada yako, siku moja moja, badala ya mstari akutumie habari za nyumbani: nani kaposwa, mvua imenyesha wapi, mbuzi amezaa wangapi.

Kwenye dawati langu nimechonga Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Mtihani wa majaribio wa Hisabati nimepata 19. Mungu hakunisikia? (Kidato cha nne, Iringa)

Kwanza, dawati ni mali ya shule.

Pili, panda mstari mmoja juu. Paulo yuko kifungoni, na hayo "mambo yote" ameshayataja: kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Kwa hiyo 19 imo. Nguvu anayoisema ni pamoja na ile ya kuifikisha karatasi hiyo kwa baba bila kuibadilisha 1 iwe 4. Kisha shuka mstari wa 14. Mtu huyu anayeyaweza yote anawashukuru Wafilipi kwa kumsaidia. Walimtuma Epafrodito na mzigo. Mtafute Epafrodito wako wa Hisabati wiki hii. Yupo darasani, na huenda ni yule mnayemcheka.

Nauza viazi na maharage sokoni Makambako. Kisado changu cha kupimia kimebonyezwa kitako kama cha kila mtu hapa. Nikitumia kizima nauza kwa hasara, kwa kuwa bei ya soko imepangwa kwa kisado kilichobonyea. Jumapili ilisomwa Mithali 11:1 nikahisi mchungaji ananitazama mimi. Nifanyeje? Na usiniambie niache biashara.

Sikuambii uache. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu umegusa kitu ambacho sisi wahubiri hatufiki: dhambi ambayo imeshakuwa bei. Ukiiacha peke yako, unaadhibiwa.

"Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, Bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza." Utaniambia mbona mnunuzi anajua kimebonyea, hadaa iko wapi? Mnunuzi mzoefu anajua. Mtoto aliyetumwa na bibi yake hajui. Mgeni aliyeshuka kwenye basi hajui.

Sasa nenda kwa jirani wa mbali kidogo, Kumbukumbu la Torati 25, mstari wa 13 hadi 15. Wafanyabiashara wa wakati ule walibeba mawe ya kupimia mfukoni. Mawe hayo yamefukuliwa katika nchi ya Yuda; la shekeli moja lina uzito wa gramu 11 na kidogo, unalifumbata kiganjani lisionekane. Torati inakataza kuwa na mawili ya jina moja, kubwa na dogo. Unaona hila yake? Kubwa ni la kununulia, dogo la kuuzia.

Na hapa nitakuudhi. Umeniuliza habari ya kisado, hukuniuliza habari ya gunia. Viazi hivyo vilitoka kwa mkulima kwa lumbesa, gunia limevimba, limeshonewa kilemba juu kama bibi harusi, naye akalipwa kama gunia moja. Vikafika mezani kwako vikashuka kwenye kisado kilichobonyea. Jiwe kubwa na jiwe dogo, mfuko mmoja. Nabii Amosi, sura ya 8, aliwasikia wafanyabiashara wa Israeli wakiuliza sabato itakwisha lini wafungue nafaka, wapunguze kipimo na kuongeza bei. Walikuwa ibadani, kumbe moyo uko sokoni unabonyeza kisado.

Lakini usiishie kwenye neno "chukizo", maana sentensi ina nusu ya pili: "humpendeza". Kisado kizima kinampendeza Mungu. Tumezoea kudhani kinachompendeza ni kwaya na sadaka, kumbe na maharage yaliyopimwa sawa Jumanne saa nne asubuhi yamo.

La kufanya: kuwa na kisado kizima na bei yake, iandike kwenye kipande cha boksi ikieleweka kwamba ni kizima. Au nunua mizani ya kilo mshirikiane wawili watatu mnaoelewana. Kwa wakulima, anza na mmoja. Mpimie kwa kilo. Huenda wiki za kwanza wateja wakapungua, sitakudanganya. Zakayo mtoza ushuru naye alitoa nusu ya mali yake, na aliowadhulumu akaahidi kuwarudishia mara nne, na Luka hatuambii biashara yake iliendeleaje.

Mama yangu aliuza maharage kwa kibaba. Alikuwa akijaza, anagonga kibaba chini mara mbili yashuke, anajaza tena, halafu anaongeza kiganja kimoja juu, yanamwagika kwenye kanga ya mnunuzi. Nilikuwa mkubwa nilipokutana na Luka 6:38, "kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika," nikasema huyu ni mama. Tunausoma mstari huo wakati wa kapu la sadaka. Yesu aliuchukua kwa muuza nafaka.

Mimi ni muuguzi, zamu za usiku. Nikifungua Biblia usingizi unanichukua kabla ya mstari wa tatu, na sala zangu zimekuwa "Bwana, Bwana" tu. Najiona nimerudi nyuma. (Mombasa)

Fungua 1 Wafalme 19. Nabii Eliya ametoka kuwashinda manabii wa Baali mlimani Karmeli, amekimbia mbele ya gari la mfalme Ahabu hadi Yezreeli, ametishwa na malkia Yezebeli, amekimbia tena mpaka Beer-sheba, kisha mwendo wa siku moja jangwani. Anaketi chini ya mretemu anaomba afe. Malaika anakuja, na hakuja na mahubiri wala kumuuliza ana muda gani hajafunga. "Inuka, ule." Mkate wa moto juu ya makaa, maji kichwani pake. Anakula, analala tena, na malaika anarudi mara ya pili kumwambia ale: "kwa maana safari hii ni kubwa mno kwako."

Kwa hiyo ukitoka zamu, kula, ulale. "Bwana, Bwana" inatosha.

Ila soma hadi mwisho wa sura. Eliya anasema mara mbili kwamba amebaki peke yake, na Mungu anamjibu kwamba wapo elfu saba, halafu anampa Elisha wa kumsaidia. Nyumbani kwako, nani mwingine anajua kuosha vyombo?

Mwinjilisti, mimi ni mwenyekiti wa kikoba. Mweka hazina alichukua fedha za kikundi, akaahidi kurudisha, sasa miezi minane. Tunaimba naye kwaya. Watu wananiambia "saba mara sabini", nisamehe yaishe. Wanachama wanadai hisa zao. (Morogoro)

Waliokunukulia hawajakosea mstari, wamekosea kuanzia hapo. Saba mara sabini ni Mathayo 18:22. Rudi nyuma mpaka wa 15: ndugu akikukosa, nenda ukamwonye mkiwa wawili tu. Asiposikia, chukua mmoja au wawili. Akikataa, liambie kanisa. Ni sura moja, na Petro aliuliza swali lake la mara saba baada ya kuyasikia hayo.

Pia, kosa alilokutendea wewe unaweza kulisamehe. Hisa si zako. Huwezi kusamehe kwa niaba ya mjane aliyekuwa akileta akiba yake kila Jumamosi.

Mfano unaofuata, wa mtumwa asiyesamehe, una madeni mawili: lake kwa mfalme, na la mjoli, yaani mtumwa mwenzake, kwake. Talanta elfu kumi hazilipiki hata ukiishi mara mia. Lakini dinari mia ambazo mjoli yule alidaiwa si mchezo, ni ujira wa siku mia za kibarua. Yesu hakusema deni hilo halipo. Alichokemea ni kumkaba koo mwenzako na kumtupa gerezani wakati wewe umesamehewa milima. Basi msimwanike kwenye kundi la WhatsApp, na asitengwe kwenye mazoezi ya kwaya. Mkae naye, mwandikiane ratiba ya kulipa, kidogo kidogo.

Kisha someni pamoja Waraka kwa Filemoni, mistari 25 tu. Paulo anamtaka Filemoni ampokee Onesimo, mtumwa wake, na akifika kwenye deni hasemi lisahauliwe. Anasema liandikwe juu yake, "mimi nitalipa," na anaandika kwa mkono wake mwenyewe. Kwa hiyo kila anayekuambia usamehe yaishe, muulize kwa upole kama yuko tayari kuandikiwa sehemu ya deni hilo. Muulize daftari likiwa wazi mezani na kalamu ikiwa karibu.